Jicho la Setilaiti na Neno la Tahadhari: Lugha katika Kazi ya Watabiri wa Vimbunga

Kazi ya mtaalamu anayeangalia vimbunga kwa msaada wa setilaiti aghalabu huelezwa kana kwamba ni kazi ya macho tu. Husemwa kwamba chombo kiko juu, picha hushuka, mtaalamu huitazama, na watu huonywa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yameruka sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Kati ya picha na mtu aliye nyumbani kwake karibu na bahari zimo hatua kadhaa, na karibu kila moja ni kazi ya lugha. Umbo la wingu hupewa namba. Namba hugeuzwa kuwa jina la daraja. Daraja hutungiwa tangazo. Tangazo hufasiriwa na msikilizaji. Na ufasiri huo ndio humtoa mtu nyumbani au humbakiza. Tangu mwaka 1960 jicho la juu limezidi kuwa kali. Hata hivyo watu wameendelea kufa katika vimbunga vilivyoonekana mapema na kutangazwa mapema, na uchunguzi wa misiba hiyo huonyesha kwamba mara nyingi uzi hukatika katika hatua za mwisho, pale penye neno. Makala haya yanakusudia kueleza hatua hizo kwa taratibu, na kuonyesha kwa nini zinawahusu wanaoshughulika na Kiswahili.

Kabla ya setilaiti na baada yake

Zamani habari za tufani iliyo katikati ya bahari zilitegemea meli iliyokutana nayo ikasalimika. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kiliupiga mji wa Galveston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, kikaua watu wasiopungua 6,000. Watazamaji wa hali ya hewa walijua kwamba iko tufani katika Ghuba ya Meksiko, lakini hawakuwa na njia ya kuiona ilipo, wala kujua imepata nguvu kiasi gani baada ya kuondoka Kuba.

Mabadiliko yalianza tarehe 1 Aprili 1960, Marekani iliporusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza iliyofaulu katika kazi ya kuangalia hali ya hewa. Ilifanya kazi siku 78 tu, lakini katika mwezi wake wa kwanza ilipiga picha ya kimbunga katika Pasifiki ya kusini. Septemba 1961 ndugu yake, TIROS-3, ilionyesha mkusanyiko wa mawingu katika Atlantiki ambao baadaye uliitwa Esther. Nacho kikawa kimbunga kikubwa cha kwanza kugunduliwa kwa picha za setilaiti. Vyombo hivyo vya mwanzo vilikuwa vikizunguka dunia kwa kasi, na kila mahali palionwa kwa muda mfupi tu. Desemba 1966 kamera iliyobuniwa na Verner Suomi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ilirushwa katika ATS-1, setilaiti iliyokaa kadiri ya kilomita 35,800 juu ya ikweta na kuzunguka sawasawa na mzunguko wa dunia, hata ikaonekana kama imesimama. Tangu hapo mtaalamu aliweza kutazama mwendo wa mawingu saa baada ya saa, wala si picha moja iliyokatika na nyenzake.

Setilaiti za Marekani za siku hizi, ziitwazo GOES, hupiga picha ya upande mzima wa dunia unaozielekea kila baada ya dakika 10, na eneo dogo lenye kimbunga huweza kupigwa picha hata kila sekunde 30. Bahari ya Hindi nayo huangaliwa na setilaiti za Meteosat za Ulaya, pamoja na za India na nyinginezo. Picha za mwanga wa kawaida zafaa mchana peke yake. Zile zinazopima joto hufaa usiku na mchana, kwa kuwa wingu lililopanda juu sana huwa baridi sana, na ubaridi huo hudhihirika katika picha. Ziko pia setilaiti zinazopita chini zaidi, zenye kupokea mawimbi yanayopenya ukungu wa juu na kuonyesha mvua ilivyojipanga ndani ya kimbunga.

Sarufi ya mawingu

Picha haisemi yenyewe. Setilaiti haipimi moja kwa moja nguvu ya upepo unaovuma karibu na uso wa bahari katika kitovu cha kimbunga. Yaonyesha mawingu yaliyo juu yake. Kutoka umbo la wingu hadi nguvu ya upepo ni safari ya tafsiri, na safari hiyo ilitengenezewa njia na Vernon Dvorak, mtaalamu wa Marekani, aliyechapisha utaratibu wake mwaka 1975 na kuupanua mwaka 1984.

Dvorak alitambua kwamba vimbunga hukua kwa kufuata maumbo yanayojirudia. Kwanza huonekana utepe wa mawingu uliopinda. Kisha utepe huo huzidi kukizunguka kitovu. Halafu huweza kutokea wingu zito la katikati, na mwisho jicho. Kila umbo lina masharti yake. Utepe hupimwa umekizunguka kitovu kwa sehemu ngapi za duara; jicho hupimwa kwa tofauti kati ya joto lake na ubaridi wa mawingu yanayolizingira. Matokeo yake ni namba kuanzia 1 hadi 8, zinazopanda kwa nusu nusu. Namba 2.5 ina maana ya upepo wa noti 35. Namba 4 ni noti 65. Namba 8 ni noti 170. Tena kuna kanuni za kuzuia haraka: kwa kawaida kimbunga hukua kwa kadiri ya namba moja kwa siku, na mtaalamu hana ruhusa ya kurukaruka kwa kuvutiwa na picha moja. Kimbunga kinapodhoofika, mawingu hutangulia kuharibika kabla upepo haujapungua, kwa hiyo namba ya nguvu hushikiliwa juu kwa muda kabla ya kuteremshwa.

Mwanafunzi wa lugha atatambua mara moja kwamba huu ni mfumo wa alama. Mfano ulio karibu ni wa hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu pasipo kutiwa irabu. Herufi zile zile huweza kusomwa kwa namna mbili au tatu. Anayejua lugha, desturi ya waandishi na muktadha wa maneno hupata usomaji ulio sahihi, na asiyejua hubahatisha. Kadhalika wataalamu wawili huweza kuitazama picha moja wakatofautiana kwa nusu namba. Katika Atlantiki ndege huweza kuingia ndani ya kimbunga na kuupima upepo, na hivyo kuamua nani amesoma vyema. Katika Bahari ya Hindi hakuna ndege za namna hiyo zinazotumwa kwa desturi. Huko usomaji wa picha ndio nguzo ya kazi.

Njia hiyo nayo ina ukomo wake. Oktoba 2023 kimbunga Otis kilikua katika Pasifiki, karibu na Acapulco nchini Meksiko, kikatoka hali ya dhoruba hadi daraja la 5 katika muda usiofika siku nzima, kikaufikia mji tarehe 25. Macho yalikuwa yakitazama, lakini makadirio hayakutazamia ukuaji wa kasi ile. Watu wa Acapulco wakabaki na saa chache mno za kujiandaa.

Kutoka namba hadi jina

Namba ya Dvorak ni lugha ya ofisini. Umma hupewa jina. Upepo ukifika noti 34, yaani kilomita 63 kwa saa, tufani hupewa jina lake la pekee; ukifika noti 64, yaani kilomita 119 kwa saa, huhesabiwa kuwa kimbunga kamili. Katika Atlantiki huitwa kwa neno lililotoka katika Kiispania, huracán, ambalo Waspania walilipata kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Katika Bahari ya Hindi jina la kitaalamu ni saikloni, lililoundwa katika karne ya 19 na Henry Piddington, aliyekuwa Calcutta, kutokana na neno la Kigiriki la mzunguko. Katika Pasifiki ya magharibi huitwa taifuni. Yote ni kitu kimoja, na Kiswahili hukiita kimbunga. Katika jambo hili Kiswahili kimeona umoja ambao lugha nyingine zimeuficha chini ya majina ya bahari mbalimbali.

Lakini umoja wa jina usimdanganye mfasiri. Kituo cha Miami hutaja wastani wa upepo wa dakika moja, na kituo cha Réunion, chenye dhamana ya kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi, hutaja wastani wa dakika kumi. Upepo ule ule ukipimwa kwa muda mrefu zaidi hutoa wastani mdogo zaidi. Kwa hiyo kimbunga kimoja huweza kutajwa kwa namba mbili, na gazeti linalochukua namba ya huku na daraja la kule huwapa wasomaji wake habari isiyo ya mahali popote.

Madaraja yenyewe nayo yana hatari. Kipimo cha daraja la 1 hadi la 5 kilianzishwa na mhandisi Herbert Saffir na mtaalamu wa hali ya hewa Robert Simpson katika miaka ya mwanzo ya 1970. Tangu mwaka 2010 kipimo hicho kimewekewa upepo peke yake. Habari za bahari kupanda zilitolewa ndani yake, kwa kuwa kupanda kwa maji hakuendi sambamba na nguvu ya upepo. Ukubwa wa kimbunga, kina cha bahari ya pwani na umbo la ghuba vina sehemu yao. Basi mtu aambiwapo kwamba kinakuja kimbunga cha daraja la 1, husikia neno dogo. Septemba 2018 Florence kilifika Carolina Kaskazini kikiwa daraja la 1, nacho kikaleta mafuriko makubwa kwa sababu kilikwenda polepole na kumwaga mvua siku kadhaa.

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya jina ni Sandy, Oktoba 2012. Watabiri walijua kwamba kabla ya kufika pwani ya New Jersey tufani hiyo itabadilika tabia, iache kuwa kimbunga cha tropiki na kuwa tufani ya aina nyingine, yenye kupata nguvu kutokana na mgongano wa hewa ya joto na ya baridi. Kwa sheria za wakati huo, kitu kisichokuwa kimbunga hakikuweza kutolewa tahadhari ya kimbunga. Ofisi za huko kaskazini zikatoa matangazo ya majina mengine. Sandy ilibadilika saa chache kabla ya kugusa nchi kavu tarehe 29 Oktoba. Upepo na bahari havikungojea jina. Mwaka uliofuata taratibu zilibadilishwa, ili tahadhari ya kimbunga iweze kuendelea hata kama tufani imebadilika tabia. Hapakuwa na kosa la kisayansi katika upambanuzi wa awali. Kosa lilikuwa kudhani kwamba istilahi iliyo sahihi kwa mtaalamu ni lazima ifae kwa mtu wa mtaani.

Mstari, eneo na maji

Hatua inayofuata ni tangazo lenyewe. Kituo cha Miami huchora ramani yenye umbo la pia, jembamba mahali kimbunga kilipo na pana kuelekea siku za mbele. Maana yake ni kwamba kitovu cha kimbunga hutarajiwa kubaki ndani ya umbo hilo kwa kadiri ya mara mbili katika tatu, kwa kuhesabu makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyopita. Wasomaji wengi hawalisomi hivyo. Wengine hudhani kwamba kimbunga kitakuwa na upana huo. Wengine hudhani kwamba aliye nje ya umbo yu salama. Na wengine huushika mstari wa katikati wakaacha mengine yote. Agosti 2004 mstari wa Charley ulielekezwa karibu na Tampa, Florida. Tarehe 13 kimbunga kilipinda mapema kidogo, kikapiga upande wa Punta Gorda kikiwa daraja la 4. Mji huo ulikuwa ndani ya umbo, na tahadhari ilikuwa imekwisha tolewa. Hata hivyo wengi walikuwa wakiutazama mstari.

Msiba wa Tacloban nchini Ufilipino unafundisha zaidi. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, ambacho wenyeji walikiita Yolanda, kilifika kikiwa miongoni mwa vimbunga vyenye nguvu kupita vyote vilivyopata kuonekana na setilaiti. Watabiri walikuwa wametangaza kwamba bahari itapanda na kuingia nchi kavu, lakini walitumia istilahi ya Kiingereza ndani ya matangazo yao. Wenyeji waliijua tufani na waliyajua mawimbi. Istilahi ile haikuwapa picha yoyote. Baada ya msiba wengi walieleza kwamba lau wangaliambiwa itakuja tsunami wangalikimbia. Hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi 6,000. Baadaye neno la kwao, daluyong, lilitiliwa mkazo katika matangazo. Halikuwa neno geni. Lilikuwapo katika lugha wakati wote, lakini halikuwapo katika tangazo siku lilipohitajiwa.

Kinyume chake ni tangazo lililotolewa na ofisi ya New Orleans tarehe 28 Agosti 2005, siku moja kabla ya Katrina. Mwandishi wake, Robert Ricks, hakutegemea namba za upepo. Tangazo lilitaja mapaa, kuta, madirisha, miti, nguzo za umeme na uhaba wa maji ya kunywa, likasema kwamba sehemu kubwa ya eneo lile haitakalika kwa majuma. Sentensi nyingi zilikuwa zimeandaliwa miaka kadhaa kabla, katika hali ya utulivu. Kazi ya siku ile ilikuwa kuzipima moja moja na kuamua kama kuna ya kufutwa. Tangazo halikuweza kuwapa usafiri wasiokuwa nao, na watu zaidi ya 1,300 walikufa. Lakini katika historia ya tahadhari limebaki kuwa kielelezo cha mambo mawili: jina la kitu kinachoonekana lina nguvu kuliko namba, na maneno ya siku ya hatari hutungwa siku isiyo ya hatari.

Mafunzo ya watabiri

Kwa sababu hizi mafunzo ya watabiri yana pande mbili. Upande wa kwanza ni kusoma picha. Tangu mwaka 1989 kituo cha COMET kilichoko Boulder, Colorado, kimetayarisha masomo kwa watabiri, na tangu mwaka 2000 Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na wenye setilaiti wameendesha umoja wa vituo vya kufundishia matumizi ya setilaiti. Miongoni mwa vituo hivyo vimo vya Nairobi, Muscat na Barbados. Njia moja ya kufundisha ni kuchukua kimbunga kilichokwisha pita na kukirudisha mbele ya wanafunzi saa kwa saa, bila kuwaambia mwisho wake. Kila mmoja hutaja kitovu, umbo na namba, kisha hutetea usomaji wake mbele ya wenzake. Hapo ndipo nusu namba ya tofauti huanza kuwa somo.

Upande wa pili ni kusema. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa sayansi ya jamii wameingia katika kazi ya vituo vya hali ya hewa, wakichunguza watu husikia nini wanapoambiwa jambo fulani. Mtabiri hufundishwa kutanguliza jambo la kufanya, kisha sababu. Kutaja mahali kwa jina linalotumiwa na wakazi wake. Kusema kiasi cha shaka bila kuificha wala kujificha nyuma yake. Upande huu bado ni mchanga kuliko ule wa kwanza. Usomaji wa picha una kanuni zilizoandikwa na vipimo vyake. Usemaji wa tahadhari, katika lugha nyingi za dunia, hauna hata orodha ya maneno iliyokubaliwa.

Kiswahili na maneno ya siku hiyo

Pwani ya Afrika Mashariki haipigwi na vimbunga mara nyingi. Karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayopinda upepo ni dhaifu, na ni nadra kimbunga kuumbika ndani ya nyuzi tano za latitudo. Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sayyid Barghash na kung'oa mikarafuu. Aprili 1952 Lindi ilipigwa. Aprili 2019 Kenneth kilifika Cabo Delgado, kusini tu ya Mto Ruvuma. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia tarehe 4, kikiwa kimekwisha pungua nguvu. Nadra hiyo ndiyo inayoongeza uzito wa neno: mahali ambapo kizazi kizima hakijakiona kitu, hakuna kumbukumbu ya kumsaidia msikilizaji, analo neno peke yake.

Kiswahili kina mali katika jambo hili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, zikiambatana na rangi. Katika Kiingereza cha Marekani majina ya ngazi mbili za kimbunga huanza kwa herufi moja na husikika karibu karibu, na watu wengi huyachanganya. Angalizo na tahadhari hayachanganyiki kwa sauti, na angalizo limebeba maana yake waziwazi kwa kuwa latokana na kuangalia. Udhaifu uko kati ya ngazi ya pili na ya tatu: tofauti yote imewekwa juu ya kivumishi kimoja, nacho huweza kumpotea msikilizaji wa redio yenye mikwaruzo.

Neno wastani nalo lataka kuangaliwa. Likitumika kwa uwezekano, kwa athari na kwa hesabu ya upepo katika tangazo moja, lafanya kazi tatu. Na huenda, neno linalopendwa sana katika utabiri, katika mazungumzo ya kila siku huchukua kila kiasi cha shaka, kuanzia jambo lisilotarajiwa hata jambo lililo karibu na hakika.

Lililo zito zaidi ni jina la bahari kupanda. Kusema mawimbi makubwa hakutoshi, kwa kuwa wimbi huja na kurudi, na mvuvi amezoea kulikabili; hapa ni bahari yenyewe inayoinuka na kukaa juu kwa saa kadhaa. Watu wa pwani wanalo kipimo chao cha kimo cha maji, nacho ni bamvua, yaani kujaa kukubwa kwa wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kila mkazi wa ufukoni ajua bamvua hufika wapi: shina lipi la mnazi, ngazi ipi ya msikiti. Tangazo likisema kwamba maji yatapita alama ya bamvua kubwa kwa mita mbili, msikilizaji hupata picha mara moja. Yaweza kupendekezwa kuita jambo hilo bamvua la tufani. Pendekezo hilo lina dosari, maana bamvua huja kwa hesabu ya mwezi na hutazamiwa, na lile la tufani halina kalenda. Tena mtu wa bara halijui neno lenyewe. Lakini dosari hiyo huweza kuelezwa kwa sentensi moja siku za utulivu, ilhali istilahi isiyo na picha yoyote haielezeki katika usiku wa tufani.

Wakati nao una mtego wake. Vituo vya vimbunga huandika saa za kimataifa: saa 12:00 ya huko ni saa tisa alasiri kwa Kiswahili. Tena kwa hesabu ya kale siku huanza jua linapotua, hata usiku wa Jumamosi ukawa ule unaofuata Ijumaa kutwa. Kwa kalenda ya ofisini ni usiku unaofuata Jumamosi. Tangazo lisemalo kwamba kimbunga kitafika usiku wa Jumamosi laweza kusikiwa na wazee na vijana kwa tofauti ya siku nzima. Lugha yenyewe imekwisha toa dawa: usiku wa kuamkia Jumamosi. Maneno hayo hayana utata, nayo yangefaa kuwa sharti katika kila tahadhari.

Mwisho, neno utabiri lenyewe. Watu husitasita kulitumia kwa kazi ya sayansi, kwa kuwa mtabiri katika masikio ya wengi ni mwenye kuagua mambo ya mbele. Asili yake katika Kiarabu ni kufasiri, hasa kufasiri ndoto: kuchukua alama zilizoonekana na kueleza zinaashiria nini. Kwa maana hiyo ya asili halimwonei mtaalamu wa setilaiti. Anazo alama, anazo kanuni za kuzisoma, na analo jukumu la kuzisema kwa namna itakayoeleweka.

Kanuni za kuzisoma alama zimepatikana kwa kazi ya zaidi ya miaka sitini ya wataalamu wa hali ya hewa. Kanuni za kuzisema kwa Kiswahili hawawezi kuzitunga peke yao, wala haifai waachiwe. Kinachohitajiwa si kikubwa: orodha fupi ya maneno yaliyopimwa kwa wasikilizaji wa Kilwa, Mafia, Pemba na Lamu, sentensi za tahadhari zilizoandaliwa mapema, na wanaisimu watakaoketi pamoja na watabiri katika mafunzo yao. Kazi hiyo yafanyika vyema wakati bahari imetulia.